Mhariri wa zamu ni algoriti

Kampuni za mitandao ya kijamii hupenda kujiita majukwaa tu: haziandiki habari, zinapitisha za wengine. Lakini kuandika si kazi ya mhariri. Kazi yake ni kuamua kipi kipambe ukurasa wa kwanza, kipi kizikwe ndani, kipi kitupwe. Mitandao hufanya hayo yote matatu kila unapofungua simu.

Algoriti, yaani mfumo wa hesabu unaopanga machapisho, huanza kwa kukusanya machapisho unayoweza kuonyeshwa: ya marafiki, ya kurasa unazofuata, na ya kupendekezwa. Kwa kila chapisho hubashiri uwezekano wa wewe kubofya, kutoa maoni, kusambaza, au kutazama video hadi mwisho. Kila kitendo kina uzito wake. Uwezekano huzidishwa kwa uzito, majibu yakajumlishwa, na chapisho lenye alama nyingi hukaa juu.

Sera ya uhariri imejificha kwenye uzito huo. Mwaka 2017 Facebook ilizipa emoji, ya hasira ikiwemo, alama 5 kwa kila 1 ya "laiki". Hakukuwa na kanuni ya kutanguliza habari za kuudhi, ila hesabu ilifanya hivyo yenyewe. Uzito wa hasira ulishushwa hadi sifuri mwaka 2020. Ndani ya miaka hiyo mitatu mhariri yeyote wa gazeti angekuwa ameshaitwa kujieleza.

Kumwondoa binadamu hakuondoi uhariri. Agosti 2016 Facebook iliwaachisha kazi wahariri wa sehemu yake ya habari zinazovuma. Siku chache baadaye habari ya uongo kuhusu mtangazaji Megyn Kelly ikapanda juu. Mashine hupima kasi ya mazungumzo. Haipigi simu kuthibitisha. Sehemu hiyo ilifungwa 2018.

Ukitaka kuona mkono wa mhariri huyu, fungua orodha ya unaowafuata kwa mpangilio wa muda, kisha ile iliyopangwa na mfumo, saa ileile. Andika habari 20 za kwanza za kila upande, uangalie kilichopotea. Umoja wa Ulaya unailazimisha mitandao yenye watumiaji milioni 45 au zaidi kwa mwezi ndani ya Umoja huo kutoa chaguo lisilotegemea wasifu wa tabia zako, ingawa si lazima liwe la mpangilio wa muda. Mara nyingi limefichwa ndani ya mipangilio, na kwingine hujirudisha lilivyokuwa ukifunga programu, kwa hiyo likague kabla ya kuanza kuhesabu.