Uchumi ni elimu ya nini hasa?

Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili. Tukisema "uchumi umeyumba", tuna maana ya mashamba, viwanda, mishahara na bei za sokoni. Tukisema "binti yangu anasoma uchumi", tuna maana ya elimu inayoyachunguza hayo. Asili ni ile ile ya kuchuma: karafuu huchumwa, na mfanyabiashara aliyefanikiwa husemwa amechuma mali. Maana ya kwanza kila mtu anaijua. Ya pili ndiyo huwachanganya wengi, wakadhani ni elimu ya kuhesabu fedha, kazi ambayo ina wenyewe: wahasibu.

Elimu ya uchumi inachunguza namna watu wanavyochagua pale vitu visipowatosha. Mkulima wa Mbozi ana ekari mbili: alime kahawa auze, au mahindi ale? Serikali ina dola kiduchu: inunue dizeli au dawa? Lionel Robbins, mwalimu wa chuo kimoja cha London, aliieleza hivyo mwaka 1932, na mpaka leo wanafunzi huanzia hapo.

Huitwa sayansi ya jamii kwa kuwa inachunguza viumbe wanaosikia. Mwezi haujali ukitabiriwa kupatwa. Lakini tangaza leo kwamba sukari itaadimika, uone kama jioni utaikuta dukani. Watu wana hofu, wana tamaa, wana jirani wa kumwangalia anafanya nini, na wakishajua sheria mpya inakuja hubadilika kabla haijafika.

Tanzania ililiona hilo kwa macho mwaka 1983. Nchi ilikuwa hoi: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita vya Kagera vikafuata, mafuta yakapanda bei duniani mwaka 1979, kahawa ikashuka. Sabuni, sukari na khanga zilikuwa za kupangia foleni. Waziri Mkuu Edward Sokoine akaongoza vita dhidi ya walanguzi, na neno "mhujumu uchumi" likaingia midomoni mwa watu hadi leo. Walanguzi walikuwepo, hilo halina ubishi. Ila swali la mwanauchumi ni jingine: kwa nini ulanguzi ulilipa kiasi kile? Bei ilipangwa na serikali chini ya ile ambayo watu walikuwa tayari kutoa, na dola ilikuwa na bei mbili, ya benki na ya kichochoroni. Mwenye katoni ya sabuni alikuwa na kila sababu ya kuificha. Msako ulipoanza, wengine walitupa bidhaa zao vichakani na mitoni wasikamatwe nazo, na maduka yakazidi kuwa matupu. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Mali ikarudi madukani. Watu ni wale wale. Kilichobadilika ni kile walichokuwa wanakitarajia.

Je, hiyo inathibitisha kwamba soko likiachwa lenyewe hutengeneza kila kitu? Hapana, maana sabuni iliyorudi ilirudi kwa bei ambayo mwenye mshahara wa karani hakuiweza. Elimu ya uchumi inaweza kukueleza kwa nini rafu ni tupu. Nani astahili kufikiwa kwanza na kilichopo, hilo ni suala la haki, na wanauchumi hugombana juu yake kama sisi wengine, ingawa wao hugombana kwa majedwali.

Ugomvi huo ukivuka mipaka huwa ni siasa ya dunia. Mwezi Julai 1944 wajumbe wa nchi 44 walikutana Bretton Woods, Marekani, wakaunda Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na ile tunayoiita Benki ya Dunia. Afrika ilikuwa na nchi nne tu mkutanoni: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini. Ndani ya IMF kura hazilingani. Nchi hupewa kwa kadiri ya mgao wake, yaani fedha inazotakiwa kuchangia katika shirika. Maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85 ya kura, na Marekani peke yake ina zaidi ya asilimia 16. Piga hesabu mwenyewe.

Tanzania ilipokwenda kukopa, iliambiwa ishushe thamani ya shilingi na ipunguze matumizi ya serikali. Mwalimu Nyerere alikataa, na mwanzoni mwa 1980, akizungumza na mabalozi, aliuliza tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Ubishi ulidumu miaka sita. Mwaka 1986, Nyerere akiwa ameshang'atuka urais, serikali ya Mwinyi ilikubaliana na shirika hilo, na dola ikapanda kutoka takriban shilingi 17 hadi 40. Kwa mkulima wa kahawa, dola ile ile ya mnunuzi ilianza kuzaa shilingi nyingi zaidi, ingawa alichopata mkononi kilitegemea chama cha ushirika na bodi zilizokuwa katikati. Kwa mfanyakazi wa mjini aliyezoea dawa zilizotoka nje, ilikuwa habari nyingine kabisa.