Mwalimu wa Pilates: nani wa kumfuata, nani wa kumkimbia

Pilates ni nini hasa?

Ni mazoezi ya kuimarisha kiwiliwili, yaani tumbo, mgongo, nyonga na misuli inayoshikilia kibofu, kwa miondoko ya polepole inayokwenda na pumzi. Yalibuniwa na Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883, ambaye baadaye aliyafundisha New York hadi alipofariki mwaka 1967. Hufanyika juu ya mkeka au kwenye mashine ya springi iitwayo rifoma. Yakielekezwa vizuri, humsaidia sana mtu mwenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Yakielekezwa vibaya, yeye ndiye wa kwanza kuumia.

Mtu yeyote anaweza kujiita mwalimu wa Pilates?

Ndiyo, na shida inaanzia hapo. Mwezi Oktoba 2000 mahakama ya shirikisho jijini New York iliamua kuwa Pilates ni jina la aina ya mazoezi, si alama ya biashara ya mtu mmoja. Kwa hiyo aliyehudhuria kozi ya wikiendi moja na aliyesoma mwaka mzima wanabandika neno lilelile mlangoni.

Kipimo kinachotumika Marekani kwa mafunzo kamili, ya mkeka pamoja na mashine zote, ni saa zisizopungua 450: anatomia, kutazama wengine wakifundisha, kufundisha chini ya usimamizi, kisha mtihani. Mafunzo ya mkeka peke yake ni mafupi zaidi, na hakuna ubaya, mradi aliyesomea mkeka asikupandishe kwenye rifoma. Muulize waziwazi: ulisomea wapi, mafunzo yalikuwa ya saa ngapi kwa jumla, ulisimamiwa na nani? Mwenye elimu hiyo hujibu bila kununa. Akikutajia idadi ya wafuasi wake Instagram, hilo nalo ni jibu.

Siku ya kwanza aniulize nini?

Akikutandikia mkeka kabla hajakuuliza lolote, ondoka. Anatakiwa kujua kama una maumivu sasa hivi na yanashukia wapi. Kama umefanyiwa upasuaji, hata wa kujifungua. Kama una presha, una ujauzito, au umeambiwa mifupa yako imepungua uimara. Na dawa unazotumia. Kisha akutazame ukiinama, ukijinyoosha nyuma, ukichuchumaa na kusimama kwa mguu mmoja. Ni dakika kumi hivi. Na majibu yako yabadilishe anachokupa. Kujaza fomu inayoishia kwenye droo hakumsaidii mtu.

Nikiumia wakati wa zoezi, si ndiyo dalili kwamba linaingia mwilini?

Hapana. Kauli hii tunaisikia kwa wagonjwa karibu kila wiki, na wengi wameipata kwa mwalimu.

Misuli iliyofanya kazi huuma kesho yake au keshokutwa. Huuma pande zote mbili, maumivu ni mazito bila kuchoma, na hupungua ukitembeatembea. Hayo ni ya kawaida. Maumivu yanayochoma kama umeme, yanayotoka kiunoni na kushuka upande mmoja mpaka chini ya goti, si ya misuli. Mara nyingi ni diski ya uti wa mgongo, yaani mto laini ulio kati ya pingili, iliyotokeza na kubana mshipa wa fahamu. Kukunja mgongo mbele, kama katika mazoezi ya tumbo ya kuinua kichwa na miguu kwa pamoja, huongeza mgandamizo kwenye diski hiyo. Hapo kila rudio la "kaza, malizia kumi" linazidisha tatizo.

Kuna kanuni rahisi ambayo mwalimu wako anapaswa kuijua. Maumivu yakihama kutoka mguuni na kurudi juu kiunoni, zoezi linakufaa, hata kama kiuno kinauma kidogo zaidi. Yakihama kutoka kiunoni na kushuka mguuni, zoezi lisimame palepale. Lisimame, usilipunguze tu kasi.

Na ganzi? Mwalimu kasema ni damu inaanza kutembea.

Hapana, hapana tena. Ganzi ya mguu inayobaki baada ya kipindi si damu inayotembea. Ni mshipa wa fahamu unaolalamika. Mwalimu anayekuambia vinginevyo, hata awe mpole na mwenye vyeti ukuta mzima, si mwalimu wako.

Jipime nyumbani: tembea kwa visigino hatua kumi. Kama nyayo ya upande mmoja inadondoka, au kandambili inachomoka mguuni bila wewe kuhisi, usirudi darasani. Nenda kwa daktari wiki hiyohiyo, mapema uwezavyo.

Na sasa tusikilizane. Ganzi sehemu za siri na makalioni, pale panapogusa tandiko la baiskeli. Mkojo kugoma kutoka au kutoka bila habari. Kushindwa kuzuia choo. Miguu yote miwili kulegea. Hata ukiona moja tu kati ya hayo, nenda hospitali kubwa siku hiyohiyo, usiku huohuo ikibidi. Upasuaji wa kuachia mishipa ya fahamu iliyobanwa ukifanyika mapema, hasa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, uwezekano wa kibofu kurudi kufanya kazi ni mkubwa zaidi. Tunapokea watu waliokwenda kwanza kukandwa, kisha kuvunjwavunjwa mgongo, kisha wakamalizia vipindi, na ndipo wakaja. Mkojo haukuwasubiri.

Lakini nimelipia vipindi kumi na nimefanya vinne tu.

Omba vilivyobaki viahirishwe. Mwalimu anayestahili pesa yako ndiye anayekuambia mwenyewe: simama, kamwone daktari, urudi na ushauri wake. Akikataa kuahirisha, umepoteza pesa. Pesa hutafutwa. Ganzi haipatanishwi kwa risiti.

Vipi mgongo unaouma pamoja na homa?

Homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito na mgongo unaouma hata ukilala: kapime TB. TB hushika pingili za mgongo pia, na mgonjwa anaweza asikohoe kabisa. Hakuna zoezi la kutibu hiyo.

Mama yangu ana miaka 66 na ameambiwa mifupa imepungua uimara. Afanye?

Afanye, lakini si yale ya kukunja mgongo. Kujiviringisha kama mpira, kuinuka polepole kutoka kulala hadi kugusa vidole, na kujipinda kwa nguvu, yote hayo aachane nayo. Utafiti wa mwaka 1984 Marekani, kwa wanawake 59 wenye tatizo hilo, uliona mivunjiko mipya ya pingili kwa asilimia 89 ya waliofanya mazoezi ya kukunja mgongo mbele, dhidi ya asilimia 16 ya waliofanya ya kuunyoosha nyuma. Kundi lilikuwa dogo, ila tofauti hiyo haiachi nafasi ya kubahatisha. Muulize mwalimu: "Mama yangu utampa nini badala ya hayo?" Akisema atamwachia afanye taratibu, tafuta mwingine.

Mjamzito je?

Baada ya miezi mitatu ya mwanzo asilale chali muda mrefu. Mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, akaona kizunguzungu. Baada ya kujifungua, asubiri uchunguzi wa wiki 6, na aliyejifungua kwa upasuaji kwa kawaida husubiri zaidi. Tumbo likichomoza katikati kama tuta wakati wa zoezi, zoezi hilo bado.

Rifoma ina hatari gani?

Kuanguka, zaidi ya yote. Kitanda chake huteleza, na kama springi haijafungwa huteleza ghafla. Usikikanyage kabla ya kuhakikisha springi imeshika. Kanyaga kwanza sehemu isiyosogea, mkono kwenye chuma. Usidhani pia kwamba springi chache ni nafuu: kwa miguu kweli ni nyepesi, lakini ukijishikilia kwa mikono na tumbo, springi chache ndizo ngumu. Mwalimu asiyekueleza hili kabla hujapanda amekosea tayari. Muulize pia springi zilibadilishwa lini. Zikizeeka hukatika, na miaka miwili hivi ya matumizi ya kila siku inazitosha.

Naweza kujifunza kwa video tu?

Mwenye afya, asiye na maumivu, anaweza. Video haioni kiuno chako kikiinuka kutoka kwenye mkeka, wala haiwezi kukwambia acha. Mwenye maumivu aanze na vipindi viwili au vitatu peke yake na mwalimu, kisha aingie darasa la mkeka lisilozidi watu kumi. Darasa la watu thelathini na muziki juu, hata mwalimu bora hatakuona ukikunja uso.