Kabla ya kumchukua mwanafunzi, hesabu hadi mahafali

Kila yanapotoka matokeo ya Kidato cha Sita, mifuko ya kusomesha vijana Unguja na Pemba hupokea maombi yanayozidi uwezo wake. Viongozi huingiwa na huruma, wakagawa kidogo kidogo kwa wengi. Mwaka wa pili fedha zimekwisha na vijana wamo njiani.

Tuchukue mfano. Mfuko una shilingi milioni 40, na mwanafunzi mmoja anahitaji milioni 2 kwa mwaka. Wajumbe wa kamati huona wanafunzi 20. Lakini shahada nyingi ni za miaka mitatu au minne, na udaktari ni mitano. Kwa shahada ya miaka minne, fedha hizo zinamaliza safari ya vijana watano tu. Mkiwa na uhakika wa kupata milioni 40 kila mwaka, mtachukua watano wapya kila mwaka hadi wafike 20 walioko chuoni kwa pamoja. Ni vigumu kumwambia mzee aliyekuja na vyeti vya mwanawe kutoka Konde kwamba nafasi zimejaa. Lakini ni afadhali ajue leo, bado ana muda wa kubisha hodi kwengine, kuliko mwanawe kuzuiwa mtihani wa mwaka wa pili kwa sababu ya ada.

Jambo la pili ni kujua pa kuweka fedha. Zanzibar ina Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mfuko wa hisani hauna haja ya kufanya kazi ya Bodi; utazame pale mkopo usipofika au unapochelewa. Ada ya kuomba chuo, nauli ya boti kutoka Mkoani, godoro, kompyuta, chakula cha wiki za mwanzo: haya ndiyo yanayomrudisha kijana nyumbani hali ya kuwa jina lake limo katika orodha ya waliochaguliwa. Kwa familia inayotegemea karafuu mzigo ni mkubwa zaidi, maana mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, na chuo hakisubiri mavuno.

Kwa watoto wa kike naomba tutulie kidogo. Mzazi wa Micheweni anayesita kumruhusu binti yake kwenda chuo kikuu Tunguu, Unguja, mara nyingi hapingi masomo; anachotaka kujua ni atalala wapi na nani atamwangalia. Kwa maoni yangu, mfuko unaolipia dahalia yenye usalama, na kumpeleka mzazi akaione kwa macho yake, unaweza kufungua mlango ambao ada peke yake haiufungui.

Katika uteuzi, barua ya sheha ni mwanzo tu. Wajumbe waende nyumbani kwa muombaji, na mwenye udugu naye atoke kikaoni, hata akiwa mwenyekiti. Ada ilipwe moja kwa moja chuoni, ya kujikimu iingie katika akaunti ya mwanafunzi, na kila muhula matokeo yake yaletwe ofisini.

Ili mfuko uishi kuliko waanzilishi wake, tunao mfano wetu wenyewe: wakfu. Nyumba huzuiwa isiuzwe wala isirithiwe, na kodi yake ndiyo inayotumika. Nyumba kadhaa za Mji Mkongwe zimehudumia misikiti na madrasa kwa njia hiyo. Anayetaka kuweka wakfu duka au shamba kwa ajili ya wanafunzi aanzie Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, andiko likae sawa kabla hajafariki.

Michango ya Ramadhani nayo itengwe kwa hesabu mbili, zaka mbali na sadaka mbali, tangu siku inapopokelewa. Zaka ina watu wake maalumu waliotajwa katika Qur'ani, hivyo waulizeni masheikh ni mwanafunzi gani anastahiki na kwa haraka gani fedha zimfikie. Mishahara, kodi ya ofisi na safari za kamati zitafutiwe fungu jengine, na mtoaji aelezwe hivyo kwa maandishi kwenye risiti yake.