Nguzo Moja Ikiondoka: Yanayosemwa Malindi na Yanayotokea Ndani ya Zege

Wanaojenga maghorofa kando ya bahari hapa Malindi husema mara kwa mara kwamba nguzo moja ikivunjika jengo zima halina budi kuanguka, na kwamba kinga pekee ni kunenepesha nguzo na kuongeza saruji. Kauli ya kwanza si kweli kwa jengo lililofungamanishwa vyema; ya pili hupeleka fedha mahali pasipo na tatizo.

Nguzo ya kati ikiondoka, bimu mbili (mihimili ya zege iliyolala) zilizokutana juu yake huwa bimu moja yenye urefu maradufu, hivyo kwa mzigo ule ule nguvu ya kuipinda huongezeka takriban mara nne, na kuondoka kwa ghafla huzidisha zaidi. Jambo linalosahaulika ni kwamba mpindo wenyewe hugeuka: pale juu ya nguzo, ambapo mvuto, yaani nguvu ya kuvuta na kurefusha, ulikuwa upande wa juu wa bimu, sasa uko upande wa chini. Mafundi wengi hukata nondo za chini kwenye uso wa nguzo kwa hoja kwamba hapo hazina kazi, nami naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko uchache wa saruji. Nondo hizo zikipita moja kwa moja ndani ya nguzo, bimu hujibana kwanza kama tao baina ya nguzo zilizobaki. Ikizidi kushuka, zege hupondeka na nondo huning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, huku slabu, yaani sakafu ya zege, ikivutika pande zote mfano wa tanga. Nguzo ya kona, kwa bahati mbaya, haina upande wa pili wa kuishika kamba hiyo.

Wako wanaodhani kwamba uzito wa ukuta unatosha kushikanisha jengo. Jijini London, tarehe 16 Mei 1968, mlipuko wa gesi katika orofa ya 18 ya jengo la Ronan Point, lenye orofa 22, uliusukuma ukuta nje na kona nzima ikaporomoka, watu wanne wakafa. Paneli zake za zege zilikuwa zimeegemezwa zaidi kuliko kufungwa. Nyumba za kale za Lamu nazo husimama kwa kuta nene za mawe ya matumbawe zilizobeba boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliokadiria upana wa vyumba. Ukuta ukienda, boriti zilizoukalia huenda nao.

Ama kuhusu plasta, wengi huiamini kupita kiasi. Chumvi ya bahari hupenya zege hadi kwenye chuma, kutu huvimba na kulibandua zege, na nondo zinazoliwa ni zile zile ambazo zingening'inia siku nguzo itakapoondoka. Plasta mpya huifunika kutu hiyo, wala hairudishi hata milimita moja ya chuma kilichokwisha kuliwa.