Muziki wa ngoma na mazingira ni muziki gani?

Ukisikia kundi la ngoma likisema linapiga muziki wa mazingira, usidhani ni nyimbo za kuhimiza watu wapande miti tu. Nyimbo hizo zipo na zina kazi yake, ila dhana hii ni pana zaidi. Ni muziki wa kundi, unaopigwa kwa ala za kugonga, kutikisa au kukwaruza, ambamo mazingira yenyewe hutoa sauti ya kufuatwa, kifaa cha kupigia, au mahali pa kupigia.

Njia nyepesi ni kuiga: radi kwa ngoma kubwa, mvua kwa kayamba. Kayamba ni mabua ya matete yaliyofungwa kwa safu mbili, katikati mbegu ndogo ngumu. Ukiliinamisha polepole, mbegu huteleza kuelekea upande mmoja na unasikia manyunyu. Ukilitikisa kwa viganja vyote viwili, ni masika juu ya mabati. Kuiga ni kuzuri, lakini kundi lisilo na jingine huishiwa mapema.

Kinachonivutia zaidi ni ala zinazotoka moja kwa moja kwenye mmea. Mwaka 1975 mtunzi Mmarekani John Cage aliandika Child of Tree, kazi inayopigwa kwa sehemu za mimea: mpigaji hudonoa miiba ya dungusi kakati (kaktasi) na mlio wake hukuzwa kwa kipaza sauti. Hapa Nairobi huna haja ya kwenda mbali. Okota maganda ya jakaranda, yale bapa ya kahawia, yaliyokauka kabisa. Gonganisha mawili, upate mlio mfupi, mkavu, unaosikika wazi hata ngoma nzito ikiwa inaunguruma chini yake. Mtungi wa plastiki uliookotwa kando ya Mto Nairobi nao, ukiupindua na kuupiga kitakoni, hutoa besi, na hakuna msikilizaji wa jiji hili atakayeuliza umetoka wapi.

Halafu kuna suala la mahali. Inuksuit, kazi ya mwaka 2009 ya John Luther Adams, Mmarekani aliyeishi Alaska miaka mingi, imeandikiwa wapigaji kuanzia 9 hadi 99, na imekusudiwa kupigwa nje. Wapigaji hutawanyika na ngoma, gongo (sahani za chuma za kugonga), makombe ya baharini na hata ving'ora. Msikilizaji hutembea akichagua mwenyewe amkaribie nani, ajitenge na nani. Mwishoni husikika sauti za ndege zilizoandikwa kwenye muziki, zikichanganyika na za ndege wenyewe wa pale. Ningependa sana kusikia kazi ya aina hiyo Karura, msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa mwaka 1999 wakipinga usigawiwe wajenzi. Mbega juu ya miti, matatu za Kiambu Road kwa mbali, vyote vingekuwa ndani ya muziki, na mpigaji angelazimika kujua lini anyamaze.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo makundi mengi hulikwepa: ngoma yenyewe ilichongwa kwa mti gani? Isukuti, ngoma ya kuchezwa ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, ambayo wakazi wengi wa Nairobi wameionea kwenye kituo cha utamaduni cha Bomas of Kenya, hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Kila moja ni gogo lililochimbwa ndani na kuwambwa ngozi ya kenge. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na uhaba wa vifaa vya kutengenezea ala ulikuwa miongoni mwa vikwazo vilivyotajwa. Marimba za okestra nazo zina kesi hiyo hiyo. Mbao zake bora hutoka kwenye miti ya jamii ya Dalbergia, ndugu wa mpingo wetu. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya jamii hiyo yote inadhibitiwa na CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ingawa ala zilizokwisha kutengenezwa zililegezewa masharti mwaka 2019.

Kwa maoni yangu, kundi linaloimba kuhusu msitu bila kujua mti wa ngoma zake halijaanza kazi. Si lazima kila ngoma imeze gogo zima: kuna ngoma zinazoundwa kwa vipande vya mbao vilivyounganishwa kwa gundi, na mbao nyembamba zinatosha. Ukienda kwa fundi, muulize amekata mti gani na kama anaweza kukutengenezea ya vipande.