Ghala la Uruk na Kuzaliwa kwa Maandishi

Katika vifusi vya miji ya kale ya kusini mwa Iraki, hakuna chombo kinachookotwa kwa wingi kama bakuli fulani la udongo lenye ukingo wa mshazari, zito, lisilo na pambo lolote, lililotengenezwa kwa haraka. Wataalamu wengi wa mambo ya kale huliona kuwa kipimo cha posho, mithili ya kibaba chetu, alichojaziwa mfanyakazi shayiri yake. Kwa maoni yangu, bakuli hilo hutueleza zaidi ya hekalu lolote jinsi maisha ya mjini yalivyoanza huko Uruk, mmojawapo wa miji hiyo, kati ya mwaka 4000 na 3100 KK.

Nchi ile, iliyo sehemu ya chini ya mito ya Frati na Tigri, haikuwa na neema kama inavyodhaniwa. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 200, kiasi kisichotosha kukuza nafaka; mawe mazuri ya kujengea, mbao ngumu na shaba ilibidi vitoke mbali; na mito yenyewe hufurika mazao yakiwa yanakaribia kuvunwa, tofauti na Nile ya Misri, ambayo mafuriko yake yalitangulia majira ya kupanda. Kwa hiyo mkulima hakuweza kujitegemea peke yake. Mifereji ilitaka kuchimbwa na kuzolewa tope kila mara, na majirani walipaswa kukubaliana nani afungulie maji na kwa muda gani. Lakini shamba lililopata maji lilizaa sana, na ziada yake ikawalisha wafinyanzi, wafumaji, wafua shaba na makuhani, ambao hawakushika jembe.

Ziada hiyo ilikusanywa ghalani, na hapo ndipo ulipozuka ugumu mpya. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ghala lililolisha maelfu ya watu halikuweza kuendeshwa kwa kumbukumbu ya kichwa cha mtu mmoja. Kwa milenia kadhaa watu wa Mashariki ya Kati walikuwa wakihesabu kwa vijidonge vya udongo. Baadaye wakaanza kuvifungia ndani ya donge lenye uwazi, lililopigwa muhuri kwa nje ili lisifunguliwe kwa hila. Mtafiti Denise Schmandt-Besserat alitetea kwa miaka mingi hoja kwamba alama zilizogandamizwa juu ya madonge hayo ndizo zilizofungua njia ya maandishi.

Takriban mwaka 3200 KK makarani wa Uruk walikuwa wakichora alama kwa kalamu ya tete juu ya vibao vya udongo mbichi. Maelfu ya vibao hivyo yamepatikana, na sehemu kubwa kabisa ni hesabu za shayiri, pombe, kondoo na nguo. Vilivyobaki ni orodha za maneno ambazo wanafunzi walizinakili ili kujifunza kazi. Alama ya kula ni kichwa cha mtu kando ya bakuli, na bakuli lenyewe linafanana na lile la posho. Jina linalosomwa kuwa Kushim, ambalo huenda ni la mtu au la cheo, linaonekana katika hesabu za shayiri na kimea. Tenzi na sifa za miungu hazikuandikwa hadi karne kadhaa zilipopita, karibu na mwaka 2600 KK.

Vibao hivyo havikuhesabu nafaka na mifugo peke yake, bali watu pia. Alama iliyotumika kwa mjakazi iliunganisha ile ya mwanamke na ile ya milima, yaani nchi za kigeni, na wengi wanaamini kwamba wanawake wa namna hiyo walichukuliwa mateka. Karani aliandika idadi yao kwa kalamu ileile aliyoandikia kondoo, kisha akaandika shayiri waliyostahili kupimiwa.