Namba ya Kirumi haihesabu atomi

Mwambie mwanafunzi wa kidato cha pili, awe wa Mkoani kule Pemba au wa Mwanakwerekwe kule Unguja, akuandikie fomula ya chuma(III) oksaidi. Wengi watakuandikia Fe₃O. Muulize hiyo tatu kaitoa wapi, atakuonesha mabano yaliyomo ndani ya jina. Si uvivu huo. Amelisoma jina kama risiti ya duka: zimeandikwa tatu, basi ni tatu. Makosa mengi ya mada hii yanaanzia hapo. Mtu anatafuta idadi ya atomi kwenye jina, na jina la msombo wa ioni (atomi, au kundi la atomi, zenye umeme chanya au hasi) halibebi idadi, linabeba chaji, yaani kiasi cha umeme huo. Idadi anaitafuta mwenyewe kwa hesabu. Kauli zilizo kwenye alama za nukuu hapa chini ndizo makosa yenyewe, moja baada ya jingine.

"Chuma(III) ni atomi tatu za chuma"

Hiyo III ni chaji ya ioni ya chuma, yaani Fe³⁺. Oksaidi ni O²⁻. Sasa tafuta idadi ndogo kabisa itakayofanya chaji zote zijumlishwe zilete sifuri: Fe³⁺ mbili ni +6, O²⁻ tatu ni −6. Fomula ni Fe₂O₃. Jina lina III, atomi za chuma ni mbili.

Asiyeridhika na chuma aangalie shaba. Shaba(I) oksaidi ni Cu₂O, shaba(II) oksaidi ni CuO. Yenye I ina atomi mbili za shaba, yenye II ina moja. Anayehesabu atomi kwa Kirumi atazikosa zote mbili. Hata mrututu ni shaba(II) salfeti, na katika CuSO₄ shaba ni moja tu.

Utaratibu huu wa Kirumi ulipendekezwa na mkemia wa Kijerumani, Alfred Stock, mwaka 1919, kwa ajili ya metali ambazo chaji yake hubadilika kutoka msombo mmoja hadi mwingine. Sodiamu, kalsiamu, magnesiamu na alumini haziuhitaji, kwa sababu kila moja ina chaji yake isiyobadilika. Zinki na fedha nazo huachwa bila Kirumi, ingawa hukaa katikati ya jedwali la elementi pamoja na metali ambazo chaji zake hubadilika. Hizo mbili ni za kukariri tu, hakuna njia ya mkato.

"CaCl₂ ni kalsiamu daikloraidi"

Viambishi vya dai- (mbili) na trai- (tatu) ni vya simetali ikiungana na simetali. Kaboni na oksijeni zinaweza kutoa CO au CO₂, kwa hiyo lazima idadi itajwe. Kalsiamu haina uchaguzi: ni +2, kloraidi ni −1. Ukisema kalsiamu kloraidi umeshasema CaCl₂.

"NaCl ni sodiamu moja iliyoshikana na klorini moja"

Hii ndiyo dhana ngumu kuing'oa, kwa sababu fomula yenyewe inaonekana kuiunga mkono. Pale Pemba kuna mashamba ya chumvi ambako maji ya bahari huingizwa kwenye majaruba, jua likayakausha, ikabaki chumvi. Chukua chembe moja ya chumvi hiyo uitazame kwa lenzi, utaona mara nyingi ina pembe kama kijisanduku. Ndani yake hakuna wawili wawili waliooana. Kila ioni ya sodiamu imezungukwa na kloraidi sita zilizo karibu yake, na kila kloraidi imezungukwa na sodiamu sita, mpaka ukingoni mwa chembe. NaCl inataja uwiano tu: kwa kila Na⁺ moja, Cl⁻ moja. Ndiyo maana hatusemi molekuli ya chumvi.

Na uwiano wa moja kwa moja haumaanishi nusu kwa nusu kwenye mizani. Gramu 100 za sodiamu kloraidi zina takriban gramu 39 za sodiamu na gramu 61 za klorini, kwa kuwa klorini ni nzito zaidi.

"Ukishabadilishana valensi umemaliza"

Njia ya kubadilishana valensi, yaani namba ya chaji ya kila ioni kuandikwa chini ya mwenzake, ni nzuri, na tuisheni nyingi zinaishi kwayo. Ila haikupi jibu la mwisho. Chokaa inatosha kuonesha inakokwama. Mawe ya matumbawe yaliyojenga Mji Mkongwe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Ca²⁺ na CO₃²⁻ ukizibadilishana zitakupa Ca₂(CO₃)₂, nawe uipunguze iwe CaCO₃. Mawe hayo yakichomwa kwenye tanuri, kaboni daioksaidi inatoka na kubaki kalsiamu oksaidi: CaO, si Ca₂O₂. Mwagia maji, inatokota kwa joto na kuwa kalsiamu haidroksaidi. Ikishapakwa ukutani, pole pole huvuta kaboni daioksaidi ya hewani ikarudi kuwa CaCO₃. Fundi kote huko anasema chokaa, lakini daftari la kemia linataka fomula tatu.

Hapo kwenye haidroksaidi ndipo mabano yanapoliwa. Wanaandika CaOH₂. Hiyo inasomeka oksijeni moja na haidrojeni mbili, wakati ioni za OH⁻ zinazohitajika ni mbili nzima: Ca(OH)₂, oksijeni mbili na haidrojeni mbili. Ioni ikiwa moja, mabano hayana kazi. NaOH inaachwa hivyo hivyo.

Kuna pia anayepunguza kupita kiasi. Sodiamu peroksaidi ni Na₂O₂ na hairuhusiwi kuwa NaO, kwa sababu O₂²⁻ ni ioni moja yenye oksijeni mbili zilizoshikana. Huwezi kuikata katikati.

"Bila metali hakuna msombo wa ioni"

Amonia kloraidi, andika hivyo na alama imekwenda. Ni amoniamu kloraidi, NH₄Cl. NH₄⁺ ni ioni isiyo na metali ndani yake, lakini inashika nafasi ya metali, na mbolea ya SA, yaani amoniamu salfeti, ni (NH₄)₂SO₄.

"-aidi, -aiti, -eti, yote sawa"

Naitraidi ni N³⁻, haina oksijeni kabisa. Naitraiti ni NO₂⁻, naitreti ni NO₃⁻. Herufi moja tu ikikosewa, umebadilisha kitu chenyewe.

Mfano wake uko jikoni. Chumvi yenye madini joto hapa kwetu hutiwa potasiamu iodeti, KIO₃, si potasiamu iodaidi, KI. Zote mbili zina iodini, ila iodeti inahimili joto na unyevunyevu vizuri zaidi, na huku visiwani joto na unyevunyevu vipo tele. Kwenye mtihani mwanafunzi huona potasiamu ni +1 na iodini imezoeleka kuwa −1, akajiuliza hiyo 3 imetoka wapi, kisha akaifuta. Hiyo 3 ni ya ndani ya ioni yenyewe, IO₃⁻, na ioni nzima ina chaji −1. K⁺ moja inaitosha.